Mchoraji wa Machame na ukuta wa altare yetu



Wakati wa likizo ndefu ya mwaka jana tulipangiwa, mafrateri watatu, kukaa wiki sita kwenye kigango kimoja cha miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu iendayo Moshi, pale migomba inapobanana na kahawa hadi jua la saa sita linafika ardhini kwa vipandevipande. Kazi yetu ilikuwa kufundisha watoto wa Kipaimara na kumsaidia katekista kutembelea jumuiya. Kanisa lilikuwa jipya. Mabati yalishapigwa, vigae vimelazwa, madirisha yametiwa vioo vya rangi. Ulibaki ukuta wa nyuma ya altare, mweupe, mtupu, upana wa hatua nane.

Jumapili moja baada ya Misa kamati ya ujenzi ikaketi kuamua ukuta ule uwekwe nini. Nasi tukaitwa, kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, mafrateri wamesoma. Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza, kuchapisha bango kubwa la plastiki mjini, lenye picha ya Yesu Mfufuka iliyotolewa kwenye intaneti. Gharama yake shilingi 180,000 pamoja na fremu ya mbao. La pili lilikuwa la kijana wa kigango hicho hicho, ambaye huchora picha na kuziuza mjini kwa watalii. Aliomba 900,000, rangi zikiwemo, na mwezi mmoja wa kazi. Alikuja na karatasi aliyochora kwa penseli: Yesu amesimama kwenye njia ya shambani, watu wanapanda kumfuata na mizigo yao, Meru nyuma yao.

Mzee mmoja akaitazama ile karatasi kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo huyu Yesu ni wa ukoo gani hapa kwetu?" Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini si sana.

Tulipoulizwa maoni tulijibu kwa maneno laini kwamba ni vema kamati izingatie uwezo wa waamini. Bango likapita. Lilitundikwa wiki moja kabla ya Kipaimara na vigelegele vikapigwa.

Tunaandika makala haya kwa sababu siku ile hatukuwa wakweli. Habari ya uwezo wa waamini ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumeshasoma falsafa. Tungeweza kueleza jinsi Mtakatifu Thoma wa Akwino anavyodai uzuri uwe na ukamilifu, ulinganifu na mng'ao, na tungeweza kuyaandika hayo kwenye mtihani bila kukosea. Lakini mbele ya mchoro wa penseli wa kijana mwenye viatu vyenye vumbi, hatukujua kama mchoro ule ni mzuri au mbaya. Na ukituuliza siku ile tutaje mchoraji mmoja wa Tanzania, tungesema Tingatinga, kisha tungenyamaza.

Tuliporudi seminarini, mwenzetu anayetoka Kilimanjaro akalitaja mezani jina la Sam Ntiro. Wengi wetu tulidhani anamtaja mwanasiasa. Hatukuwa mbali sana na ukweli.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Kutoka Arusha ni safari fupi: unapita Tengeru, Usa River na Kikatiti, unaiacha njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unafika Boma Ng'ombe, na mbele kidogo unakunja kushoto kupanda mlima. Mandhari ni ile ile ya upande wa Meru wenye mvua: mifereji ya maji, vihamba, ng'ombe wa zizini wanaoletewa majani, njia nyembamba kati ya migomba. Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, ambako mama Mwingereza, Margaret Trowell, alikuwa ameanzisha shule ya sanaa. Trowell alikuwa na namna yake ya kufundisha. Badala ya kuwawekea wanafunzi mtungi au sanamu mezani wainakili, aliwasimulia tukio, mara nyingi kutoka katika Biblia au maisha ya kijijini, halafu wao wachore walichokiona kichwani. Ntiro alilishika somo hilo hasa. Maisha yake yote alichora kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa Machame.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, mojawapo ya shule zenye jina kubwa Uingereza. Hapo ndipo wengi hubadilika. Mtu huenda na migomba yake akarudi na mtindo wa walimu wake. Ntiro alirudi na migomba yake. Ukitazama picha zake za kabla na za baada, utaona watu wake ni wale wale: wadogo, wamerahisishwa, hawana sura za kutambulika mmoja mmoja, wamepangwa kwenye vilima vya kijani wakilima pamoja, wakibeba pamoja, wakivuna pamoja. Hakushughulika na vivuli, wala na ile kanuni ya vitu vya mbali kuwa vidogo. Wapo waliomwona kama mtu aliyekataa kujifunza. Sisi tunadhani alijifunza vizuri mno, akajua anachokihitaji na asichokihitaji. Tofauti kati ya mtu asiyejua kanuni na mtu anayeijua akaiacha ni kubwa, ingawa kwa haraka picha zao huweza kufanana.

Mwaka 1956 alichora picha ya rangi za mafuta ambayo leo iko katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Mbege Usiku. Fikirini kidogo, ndugu wasomaji. Katika jumba linalohifadhi kazi za Picasso na Matisse, kuna msafara wa wanaume wa Kichagga wanaopeleka pombe ya ndizi kwenye harusi. Wapo waseminari waliokua wakiziona safari kama hizo kwa macho yao, na hawajawahi kuambiwa kwamba mtu wa jirani alizichora.

Miaka mitatu kabla ya picha hiyo alikuwa amechapisha kitabu kidogo cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Kwa hiyo hakuwa mtu wa brashi tu. Alitaka jambo lile lile liandikwe na lichorwe, lisipotee. Alifundisha Makerere, na huko Uganda akamwoa Sarah Nyendwoha, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuhitimu Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1954. Mama huyo naye anastahili makala yake: alipopangiwa mshahara mdogo kuliko wa walimu wanaume wenye elimu kama yake, alisema ni afadhali afundishe bila mshahara kuliko kuukubali ule. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa Balozi wetu, hadi 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni serikalini, kisha akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Hatuandiki haya ili kumtangaza mtakatifu. Tuna neno juu yake, na ni neno linaloihusu Meru.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huu, ili ardhi wapewe walowezi. Watu wapatao elfu tatu waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kueleza madai ya watu wake, jambo ambalo Mwafrika wa Tanganyika hakuwa amewahi kulifanya. Huo ndio wakati ambapo Ntiro alikuwa anajijenga kama mchoraji. Katika picha zake tulizoweza kuziona, vilima ni vya amani. Kila mtu ana jembe na kila jembe lina shamba. Moshi wa nyumba zinazoungua, ambao ungeweza kuonekana kutoka vilima kama vile, haumo. Tulibishana sana juu ya hili. Mmoja wetu alisema kwamba kuichora jamii ikifanya kazi yake kwa heshima, wakati mkoloni anaiita ya washenzi, ni upinzani wa kutosha. Mwingine alisema hapana, mchoraji anayeacha jeraha lisionekane ameacha sehemu ya mwili. Hatukumaliza, na sasa tunaona ni vizuri hatukumaliza. Huo ulikuwa ubishi wetu wa kwanza wa kweli juu ya picha katika miaka yote ya malezi yetu.

Katika kusoma tukakutana na mtu wa mbali aliyetusaidia kumwelewa wa karibu. Wagiriki si wageni Meru. Walifika tangu enzi za Mjerumani, wengine kwa kazi ya reli, wakabaki kulima kahawa na mkonge, na wazee wa upande wa Usa River na Tengeru bado wanayakumbuka mashamba yao. Tukajiuliza: huko walikotoka, wachoraji wao walifanyaje na kuta za makanisa? Tukampata Spyros Papaloukas, aliyezaliwa mwaka 1892 Desfina, karibu na Delphi. Alisoma Athens, kisha Paris, akarudi na rangi kali za wachoraji wapya wa Ufaransa. Mwaka 1921 alifuatana na jeshi la Ugiriki vitani Asia Ndogo kama mchoraji, na mwaka uliofuata kazi zake nyingi za huko ziliteketea kwa moto. Mtu aliyepoteza kiasi hicho angeweza kuacha. Yeye alikwenda Mlima Athos, mlima wa watawa, akakaa miezi mingi akichora monasteri, miti na bahari, huku akisoma taswira za kale kwenye kuta za wamonaki. Kuanzia 1927 hadi 1932 alichora kanisa kuu la mji wa Amfissa. Huko aliunganisha mambo mawili ambayo wengi walidhani hayakai pamoja: taswira takatifu za Bizanti, zenye sheria zake za karne nyingi, na rangi alizojifunza Paris.

Papaloukas na Ntiro hawakujuana, na hatutaki kuwalazimisha wawe ndugu. Mmoja alikuwa na mapokeo marefu ya kuchora makanisa nyuma yake. Mwingine hakuwa nayo. Lakini kuna jambo moja tuliloliona. Amfissa ilimpa mchoraji wake ukuta na miaka mitano. Mchoraji wetu alipewa ubalozi, ofisi na darasa, na picha yake inayojulikana kuliko zote ikaenda kukaa New York. Nani kwetu aliyempa ukuta?

Mtu asiseme Kanisa halikufundisha. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia Takatifu, ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya zama zetu, ya mataifa yote na ya nchi zote, ipewe nafasi, mradi ihudumie nyumba ya Mungu kwa heshima inayostahili. Hati hiyo hiyo, katika namba 129, inaagiza kwamba waklero, wakati wa masomo yao ya falsafa na teolojia, wafundishwe historia ya sanaa takatifu na misingi yake, ili waweze kuwashauri wasanii. Tulipoisoma namba hiyo tulitazamana. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya Jumapili ile ya kamati ya ujenzi.

Na wapo waliotii. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alijenga kanisa kwa sura ya nyumba za watemi wa Kisukuma. Murang'a, Kenya, katika kanisa kuu la Waanglikana, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi mwingine wa Trowell, alichora mwaka 1959 picha tano kubwa za maisha ya Bwana, kuanzia kuzaliwa kwake, katika vilima na miongoni mwa watu wa nchi ile. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Tazameni basi: Wachagga wawili wa mlima mmoja, na mmoja alipata ukuta wake kwa Waanglikana wa nchi jirani. Hatusemi hivyo kwa wivu. Labda kidogo.

Yapo mambo mawili yanayotuzuia kusema kwamba kamati ile ilikosea tu.

La kwanza tuliambiwa na mama mmoja wa WAWATA, tuliporudi kigangoni mwezi uliopita na kuanza kueleza, kwa bidii ya mtu aliyegundua kitu juzi, habari za Ntiro. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mafrateri wangu, picha ya Moyo Mtakatifu iliyoko kwangu aliinunua marehemu mama yangu. Amefia chini yake. Mnataka kuniambia si ya kwangu kwa sababu Yesu ni mweupe?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutaki kujifanya tunalo sasa. Picha ambayo watu wameisalia miaka hamsini imekuwa yao, hata kama ilichapishwa Italia. Anayekuja na brashi kuwapokonya hiyo kwa jina la utamaduni anafanya lile lile lililofanywa na waliokuja kuwapokonya ya mwanzo.

La pili ni kwamba si kila kinachofanana na kwetu ni chetu. Ukitembea Soko la Maasai hapa mjini utaona mamia ya picha zenye Wamaasai warefu wekundu wasio na nyuso, jua linazama, twiga watatu. Wanaozichora ni vijana wenye mikono hodari, na wanakula kwa jasho lao, hatuwabezi. Edward Tingatinga mwenyewe alianza na vibao na rangi za kupakia vyuma kwa sababu ndizo alizozimudu. Lakini picha nyingi za sokoni zimechorwa kwa kufikiria jicho la mtu anayeondoka kesho kwa ndege. Ukimchukua Yesu wa bango ukamvisha shuka, ukamwekea twiga nyuma, hujafanya utamadunisho. Umemgeuza Bwana kuwa mtalii. Nguvu ya Ntiro ni kwamba hakumpamba mtu. Alichora watu wakifanya kazi waliyoifanya hata kama hakuna mgeni anayetazama. Ndiyo maana tunadhani mchoro wa penseli wa kijana yule ulikuwa na kitu: watu wale wanaomfuata Yesu walikuwa na mizigo. Mmoja alibeba majani ya ng'ombe. Mwingine debe la maji. Mwingine alibeba mtoto na jembe pamoja. Hakuna mtalii anayenunua picha ya mtu aliyebeba majani ya ng'ombe.

Tunaomba nini basi? Kwanza tunajiomba wenyewe, na walezi wetu kwa heshima, saa chache katika mwaka wa masomo za kutazama picha. Hatuhitaji jengo. Tunahitaji ukuta mweupe, mashine ya kuonyeshea picha, na mtu anayeweza kutuuliza, "Unaona nini?" na kutuzuia kujibu kwa kutaja ufafanuzi wa kitabuni. Tunaomba pia kwamba kamati za ujenzi, zinapopanga bajeti, ziweke fungu la ukuta wa altare tangu mwanzo, kama zinavyoweka la kengele. Kijana wetu hakushindwa kwa ubaya wa mchoro. Alishindwa kwa sababu alikuja wakati fedha zimekwisha kwenye vigae. Na tunaomba kwamba fundi aitwe mapema, ashauriane na paroko na waamini, aonyeshe mchoro mdogo, usahihishwe, uonyeshwe tena. Hata Papaloukas hakuingia Amfissa na ndoo ya rangi akaanza tu.

Kuhusu kigango chetu, bango bado lipo. Upande unaopigwa na jua la asubuhi umeanza kufifia, na vazi la Mfufuka, lililokuwa jeupe, limekuwa la njano. Mwenyekiti wa kamati alitwambia kwa sauti ya chini kwamba bango halitafika Pasaka ijayo. Yule mzee aliyeuliza habari za ukoo ametuma neno kwamba, kama ukuta utachorwa, yeye hana pingamizi, ila mlima uchorwe unavyoonekana kutoka kwake na si kutoka mjini, maana watu wa mjini wanauona kutoka upande usiofaa. Kijana tulimkuta nyumbani kwao, anachora twiga. Tulimwomba radhi. Akasema karatasi ile ya penseli bado anayo, ila gharama imepanda. Rangi zimepanda bei.